Kibanio cha Upinde wa Édouard

Kila asubuhi Édouard aliamka saa kumi na moja, kana kwamba king'ora cha kiwanda bado kinamwita. King'ora chenyewe kilikuwa kimenyamaza zamani. Ulikuwa mwaka 1995, na pale Likasi, mji wa migodi nchini Zaire, mashine nyingi zilikuwa zimelala na kutu. Édouard alikuwa ajusteur, fundi wa kukata na kulainisha chuma, mwenye miaka kumi na minane ya kazi. Sasa kazi ilibaki jina tu. Mshahara ulikuja ukipenda, na mara nyingi haukupenda.

Nyumbani walikuwa watu watano: Édouard, mke wake Marcelline, watoto wao wawili, na Théophile, mdogo wake Marcelline. Leo walikula bukari, ule ugali wao, na sombe, majani ya muhogo. Kesho walikula sombe na bukari.

Nyumba hiyo ilisimama kwa miguu ya Théophile. Si maneno ya kupamba. Théophile alikuwa na kinga, yaani baiskeli, na kila siku alikwenda nayo porini, upande wa njia ya Mulungwishi. Alipakia magunia matatu ya makala, mkaa wa kupikia, na kuyaleta mjini. Kwenye mlima alisukuma. Kwenye mteremko alifunga breki kwa soli ya kiatu. Siku Théophile asipotoka, chungu hakikupanda motoni.

Makala yale yalichomwa na jirani yao Radjabu. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mzaliwa wa upande wa Kasongo, mtu wa sala tano. Kofia yake ilikuwa nyeupe siku ya Ijumaa tu. Siku nyingine zote ilikuwa na rangi ya kazi yake.

Édouard hakuweza kukaa na kushika tama huku shemeji yake akisukuma magunia. Alijitengenezea upinde. Vichwa vya mishale alivikata kwenye chuma kizee, akavilainisha kwa tupa siku nne. Vilikuwa vikali kama wembe. Pembeni alivitia meno, ili mnyama akichomwa asiweze kuutoa mshale. Kazi ya fundi ni kazi ya fundi.

Lakini kuwinda si kupiga tupa. Majuma matatu Édouard alirudi mikono mitupu. Alitembea na mshale juu ya uzi wa upinde, nao ukateleza na kuanguka majanini. Alipoinama kuuokota, kanga waliruka. Alipouweka tena, simbiliki, yule panya mkubwa wa kwenye majani, alikuwa ameshaingia shimoni.

"Shemeji, nyama za huku zimekuzoea," Théophile alimtania. "Zinakuona, zinasema: ni ule baba wa kuokota, tuendelee kula."

Maneno yale yalimchoma Édouard. Usiku ule alikaa na koleo, tupa na kipande cha ressort, yaani springi, ya kiti kilichovunjika. Asubuhi alikuwa ametengeneza kibanio kidogo cha chuma. Alikifunga kwenye upinde, pale mkono unaposhika. Kibanio kilibana mti wa mshale barabara. Sasa mshale ulikaa juu ya uzi siku nzima. Ungeweza kutembea nao, kuruka nao, hata kupanda kichuguu nao, nao usianguke.

Majirani walikuja kuona. Walikibonyeza, wakakiachia, wakatikisa vichwa.

"Huyu muntu mikono yake iko na akili," walisema.

Édouard alitembea kifua mbele juma zima. Marcelline peke yake hakusifu kitu. Asubuhi Édouard na Théophile walipotoka pamoja kwenda kuwinda, aliwafungia viazi vitamu katika kitambaa, akamwambia mume wake:

"Bwana, sikia. Ndugu yangu ninakupa na miguu yake mbili. Unirudishie yote mbili. Ile miguu njo inapikaka mu hii nyumba."

"Eh, bibi! Tunaenda kuwinda, hatuendi ku vita," Édouard alijibu, akacheka.

Walimkuta Radjabu porini juu ya tanuru lake la makala. Alikuwa akiziba matundu ya moshi kwa udongo. Aliwaona wakija, Théophile mbele, Édouard hatua mbili nyuma. Alishuka, akajipangusa mikono.

"Papa Édouard, nyama iko wapi?" aliuliza.

"Nyama gani? Bado hatujaingia hata kidogo."

"Ah. Kumbe nyama hakuna. Sasa ule mushale unafanya nini ku upinde?"

Swali hilo Édouard alikuwa akilingoja. Alinyoosha upinde amwonyeshe.

"Angalia hapa. Inabana. Natembea, naruka, mushale hauanguke. Ku atelier, kule kiwandani, tulifundishwaka hivi: chombo inakuwa tayari mbele kazi ianze."

Radjabu alikigusa kibanio kwa kidole cheusi. "Kazi ya mikono, hapo sina neno. Umeifanya muzuri. Lakini niambie, mbele yako kuna nini?"

"Kuna njia."

"Hapana. Mbele yako kuna Théophile."

Édouard alimtazama Théophile. Kisha alisema, "Shemeji anajua kutembea."

"Najua anajua. Hii njia anapitaka kila siku. Weye je? Ukijikwaa, ule mushale utaenda wapi? Uweke mu podo, mu mufuko wa mishale, papa. Mushale unatoka mu podo siku nyama imeonekana."

"Ba Radjabu, nyama haingojake muntu atafute mushale mu mufuko!"

"Twende, shemeji," Théophile aliita. Alikuwa ameshaegemeza kinga yake kwenye mti. "Jua ikipanda, kanga nazo zitapanda."

Wakaenda. Radjabu alibaki akiwatazama, kisha akarudi kwenye moshi wake.

Hawakufika mbali. Mvua ilikuwa imekwisha karibuni, na majani yalifika kifuani. Théophile alitangulia akiyafungua kwa fimbo. Édouard alifuata. Macho yake yalikuwa juu, yakitafuta kanga. Hakuliona shimo la muhanga, mnyama mla mchwa, lililofunikwa na majani pembeni mwa njia. Théophile alilipita bila kulikanyaga, kwa mazoea tu. Mguu wa Édouard uliingia hadi gotini.

Alianguka kifudifudi, na upinde mbele yake. Mshale haukuanguka pembeni. Kibanio kilifanya kazi yake sawasawa. Kiliushika mshale, mshale ukasimama imara, na uzito wote wa Édouard ukausukuma mbele.

"Mawe, mama wee!" Théophile alilia. "Mawe, shemeji! Muguu yangu!"

Mshale ulikuwa umemwingia kwenye shavu la mguu wa kuume. Kichwa cha chuma hakikuonekana. Damu ilishuka taratibu hadi kwenye kiatu, kile kiatu cha kufungia breki.

Édouard alitambaa hadi pale. Aliushika mti wa mshale ili auvute.

"Acha!" sauti ilisikika kutoka nyuma. Radjabu alikuwa amesikia kilio, akaja mbio. "Papa Édouard, toa mukono! Usivute!"

"Lakini iko mu muguu yake!"

"Naona. Ile chuma uliitia meno, sivyo? Ukivuta, itararua nyama na mishipa. Tena sasa chuma yenyewe njo inaziba kidonda. Ukiitoa hapa, damu itamwagika, na utaizuia na nini? Na majani?"

Édouard aliachia. Yale meno aliyajua. Aliyapiga tupa mwenyewe, moja moja.

Radjabu alivua shati lake la ndani, lililokuwa safi kidogo. Akafungua kile kitambaa cha viazi. Alivikunja vitambaa hivyo vikawa vinene, akaviweka pande mbili za mshale, kisha akavifunga kwa kamba ya gunia. Hakuukandamiza mshale ndani. Aliuzuia tu usicheze. Wakampandisha Théophile juu ya kinga yake mwenyewe, mguu umenyooka. Édouard akasukuma, Radjabu akashika mguu. Kutoka pale hadi mjini ni mwendo wa saa tatu. Théophile aliuma meno njia nzima. Mara moja tu alisema kitu.

"Shemeji, nani atasukuma makala kesho?"

Édouard alizidi kusukuma.

Kwenye kituo cha afya hapakuwa na glavu wala uzi wa kushonea. Miaka ile ilikuwa hivyo. Marcelline, aliyeitwa kutoka nyumbani, alivitafuta mtaani, nyumba kwa nyumba, mpaka akavipata. Muuguzi, aliyeitwa Athanase, aliichana ngozi ya mguu kidogo, akaifungua pole pole, akautoa mshale. Aliosha kidonda muda mrefu. Akashona, kisha akapiga sindano ya kuzuia pepopunda.

"Nani aliwakataza kuvuta?" aliuliza.

"Ni ba Radjabu, muchoma makala," Édouard alisema.

"Mumwambie aksanti. Mushipa mukubwa ulikuwa karibu sana. Mungevuta, pengine mungenileteya maiti. Atatembea. Lakini juma sita, kinga asiiguse."

Marcelline alimngoja mume wake nje. Hakupiga kelele. Hilo lilimtisha Édouard kuliko kelele.

"Nilikupa miguu mbili," alisema. "Sasa nenda ukasukume weye."

Basi Édouard alisukuma. Magunia matatu yalimshinda siku ya kwanza, kinga ikamwangukia kwenye mlima. Akachukua mawili. Ndiyo kusema makala yalipungua mjini, na bukari ilipungua sahanini. Watoto hawakuuliza, lakini walilamba masufuria. Édouard aliona. Jioni alimkuta Théophile amekaa mlangoni, mguu juu ya kiti, anautazama kama kitu cha kuazima. Aliona aibu. Aliiona aibu hiyo kila jioni kwa muda wa majuma sita, wala hakuna aliyemsaidia kuibeba.

Siku moja, huku wakifunga magunia kwenye tanuru, alimwambia Radjabu:

"Papa, ule upinde nitauchoma ukuwe makala."

"Upinde umekosa nini?" Radjabu aliuliza.

"Umemuchoma shemeji."

"Upinde haukumuchoma. Kaa chini."

Wakakaa juu ya gunia. Radjabu alitoa kiazi cha kuchoma majivuni, akakigawa.

"Ku kwetu, baba yangu alikuwaka muwindaji," alisema. "Banaume sita, saba, banaingia mu pori pamoja. Mbele ya kuingia, kila muntu ananyanyua upinde wake juu. Tunaona uzi uko mutupu. Njo tunaenda. Na muntu akiweka mushale mbele ya kuona nyama yote, kichwa, mugongo na miguu, mangaribi, jioni, hapati sehemu yake. Hata kama njo yeye amemuua ule munyama."

"Hata kama ameiua?"

"Hata kama. Anaangalia benzake banakula. Minye nilikosaka nyama mara mbili. Ya tatu sikukosa."

Édouard alimaliza kutafuna. Kisha akauliza lile lililokuwa likimkera tangu mwanzo.

"Lakini papa, kanga haingoje."

"Kanga yenye kukimbia, hata na mushale tayari hauipati. Umeipata ngapi na ile kibanio?"

"Hakuna."

"Voilà. Munyama unayempata ni ule amesimama, anakula, hajakuona. Ule anakupa nafasi. Unatoa mushale, unaweka, unavuta. Na ile nafasi si hasara. Ile njo nafasi ya macho yako kuangalia muzuri."

"Na kama mushale usingekuwa umebanwa, siku ile?"

"Ungeanguka pembeni, mu majani, sawa vile ulikuwa unaanguka kila siku. Weye uliona ni ubaya. Ulikuwa unakusaidia."

Édouard aliliweka chini lile ganda la kiazi. Hakusema tena habari ya kuuchoma upinde.

Usiku ule hakuchukua tupa kutengeneza kitu cha kubana. Alikitoa kibanio kwenye upinde, akakitundika msumarini, karibu na mlango, apate kukiona kila akitoka. Siku zilizofuata alitengeneza podo. Alikunja bati la kopo kubwa la mafuta, akalifunika kwa ngozi ya kiti. Ndani, chini, alitia kipande kinene cha mpira, ili vichwa vya mishale vikae ndani yake visitoboe wala visigongane. Juu alitia kifuniko cha kufunguka kwa kidole kimoja. Kisha alifanya mazoezi uani: kifuniko, mshale, uzi, kuvuta. Watoto walihesabu. Mara ya kwanza walifika kumi na nne. Baada ya mwezi walifika tano.

"Na ukijikwaa?" Marcelline aliuliza kutoka jikoni. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kuhusu upinde tangu siku ile.

Édouard alijitupa chini kwa makusudi, puu, podo kiunoni. Hakuna mshale uliotoka. Watoto wakacheka, naye Marcelline akageuka upesi ili asionekane akicheka.

Mguu wa Théophile ukapona. Kovu lilibaki, refu kama kidole. Alirudi kwenye kinga yake na magunia yake matatu, na nyumba ikapumua. Mwezi wa nane, siku asizokwenda na makala, akaanza tena kwenda porini na shemeji yake. Kila asubuhi, kabla ya kuingia, Édouard alinyanyua upinde juu. Théophile aliutazama uzi, akauona mtupu, akatangulia. Mwezi wa tisa walipata simbiliki wawili. Mwezi wa kumi walipata paa mmoja, amesimama kwenye majani mapya baada ya moto wa nyika. Watoto walimhesabia baba yao tena jioni, naye akawaonyesha jinsi ilivyokuwa: tano tu. Kipande cha paja kilikwenda kwa Radjabu.

Kisha mvua zilirudi, na pamoja na mvua uyoga. Kila mwezi wa kumi na mbili wanawake wa mtaa waliingia porini kuokota. Édouard aliwauliza jioni iliyotangulia ni upande gani wataelekea. Walimwambia upande wa mto. Basi yeye na Théophile wakachukua upande wa tanuru, mbali na wanawake.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Théophile alikuwa mbele. Ghafla aliinua mkono na kusimama. Upande wa kushoto, nyuma ya kichaka, kitu cha rangi ya majani makavu kilitikisika. Kilishuka chini, kikapanda kidogo, kikashuka tena. Mnyama anayekula hufanya hivyo hivyo.

Mkono wa Édouard ulishuka kiunoni wenyewe. Kidole kilifungua kifuniko. Macho yake yalitafuta: kichwa kiko wapi? Mgongo aliuona. Kichwa hakukiona. Miguu hakuiona. Mkono ulikuwa umeshika mshale, lakini mshale ulikuwa bado ndani ya podo.

Mgongo ukanyooka. Ukawa kitenge. Kitenge kikawa mwanamke mwenye kikapu mkononi.

"Ni nani bale?" sauti ya Marcelline iliuliza. "Ni benye kuwinda? Semeni!"

Théophile ndiye aliyejibu.

"Ni sisi, yaya, dada yangu. Kwani hamukuenda ku mto?"

"Ku mto watu bamemaliza yote. Minye nikasema nijaribu huku kwa ba Radjabu." Alisogea, akamwona mume wake. "Na weye, bwana, mbona umekuwa sawa muntu wa homa?"

Édouard alikaa chini pale pale, kwenye majani yenye maji. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya mshale, na safari hii hapakuwa na damu hata tone. Aliutazama upinde wake. Uzi ulikuwa mtupu.

Marcelline alitazama upinde, akatazama mkono wake ulioshika mshale ndani ya podo. Akaelewa. Aliweka kikapu chini, akakaa kando yake. Walikaa kama watu waliopanda mlima pamoja.

Théophile aliinama, akaubonyeza mkono wa shemeji yake hadi ukaachia mshale. Akakifunga kifuniko.

"Funga, shemeji," alisema. "Leo tumeshawinda. Turudi."

Nyumbani, Édouard alikwenda moja kwa moja mlangoni, akakitoa kibanio msumarini. Alikipinda kidogo kwa koleo, akampa Théophile.

"Ya nini?" Théophile aliuliza.

"Jaribu ku suruali."

Théophile alikivaa kwenye mguu wa kuume, chini ya kovu. Kibanio kilishika kitambaa cha suruali barabara, mbali na mnyororo wa kinga. Alipanda, akazunguka ua mara mbili. Suruali haikunaswa.

"Inabana muzuri," alisema. "Siku zote nilisema ni kazi ya fundi. Ilikosa tu fasi yake."

Siku hiyo nyumba ya Édouard haikula nyama. Walikula bukari na uyoga, watu wote watano. Marcelline mwenyewe ndiye aliyepakua.